Mstari wa Kusini Unashuka

Asubuhi ile binti yangu aliponiamkia, nilimwitikia puani tu, nikaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Nilikuwa nimenuna, na mimi nikinuna hata paka hutafuta pa kukaa.

Yeye ni mtakwimu katika ofisi ya biashara ya nje. Mimi ni fundi mkuu wa mtambo wa kuchemshia karatasi chakavu katika kiwanda cha karatasi cha Kanda ya Kusini. Siku hiyo kamati ya viwanda ilikuwa inakaa kuamua kama kiwanda chetu kifungwe, kazi yote ihamie Kaskazini. Na taarifa ya kuamulia ilikuwa ya binti yangu: thamani ya rojo la mbao, ule uji wa miti uliokaushwa tunaouagiza kutoka nje ili tutengenezee karatasi, kanda kwa kanda, kwa miaka kumi.

Jana yake nilikuwa nimemwuliza, "Umewaeleza kwamba siku hizi tunachemsha makatoni na madaftari ya zamani?"

"Mama, taarifa haijasomwa. Siwezi kuisema."

"Hata kwa mama yako?"

"Kwako ndiyo siwezi kabisa."

Basi nikanuna.

Ukumbini niliketi nyuma pamoja na wawakilishi wengine wa wafanyakazi. Binti yangu alisimama mbele na ile blauzi niliyomnyooshea mwenyewe kabla hatujagombana, akawasha picha ukutani. Mistari miwili. Wa Kaskazini ulipanda mwaka hadi mwaka. Wetu ulishuka, ukashuka tena, mpaka nikatamani kuushika kwa mkono.

"Thamani hizi nimezikokotoa zote kwa bei ya mwaka mmoja," alisema, "ili kupanda na kushuka kwa bei kusitudanganye. Kusini sasa inaagiza chini ya nusu ya kile ilichokuwa ikiagiza mwanzoni."

"Kusini kumekufa," mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kusikika na wote.

Damu ilinichemka. Nikasimama. "Mwenyekiti, huyo mtoto..."

"Namwomba mwakilishi wa wafanyakazi aketi," binti yangu akasema bila kupandisha sauti. "Sijamaliza."

Mimi! Niliyemwogesha, niliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya shati! Nikaketi. Miguu ilimtii kabla mimi sijaamua.

Akabonyeza, na mstari mwingine ukatokea juu ya ule wetu. "Huu ni uzito wa karatasi iliyotoka kiwanda cha Kusini, miaka ileile." Ulipanda. Kisha akaleta wa Kaskazini, nao ulikuwa umelala tambarare. "Kaskazini inaagiza zaidi na kutoa kiasi kilekile. Kusini inaagiza kidogo na kutoa zaidi, kwa sababu inatumia karatasi chakavu. Mstari unaoshuka hapa si ugonjwa, waheshimiwa. Ndiyo kazi yenyewe."

Sikupiga makofi. Nilishindwa. Nilikuwa nafuta macho kwa leso ya mgeni aliyeketi kando yangu, naye kwa heshima akaniachia.

Mwenyekiti akavua miwani. "Binti, nimesikia una ndugu katika kiwanda hicho."

"Mama yangu. Ni yule aliyesimama." Watu wakacheka. "Ndiyo maana hesabu zote nilimpa mwenzangu wa Kaskazini azirudie kabla sijazileta. Sahihi yake ipo."

"Na kama mistari ingetoka kinyume? Ungetuonyesha?"

Binti yangu akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na nikaona kwamba na yeye hakuwa amelala vizuri.

"Ningewaonyesha. Halafu sijui ningerudi nyumbani na uso gani."

Kamati iliamua kiwanda kisifungwe. Wenzangu walinibeba juu juu mpaka mlangoni, mzito kama nilivyo, huku wakiimba. Nilipowekwa chini nilimtafuta binti yangu, nikamkuta kwenye ngazi anakunja nyaya zake peke yake. Nikamshika mkono.

"Ungerudi na uso huohuo," nikamwambia. "Ningenuna mwezi mzima. Lakini mlango ungeukuta wazi, na watu wote wangenisikia nikisema aliyetufungia kiwanda ni mwanangu, na hakukosea hata tarakimu moja."