Kipande cha Kiko Mfukoni mwa Zizipho

Jumamosi nilikuwa nafua sweta ya shule ya mjukuu wangu Zizipho, mkono ukagusa kitu kigumu mfukoni. Kilikuwa kipande cha kiko changu, kile cha kutia mdomoni, nilichokitafuta wiki nzima. Kwetu Centane, Afrika Kusini, kila mwanamke mtu mzima hutembea na chake. Kiko chenyewe tunapokezana, lakini mate ya mtu ni yake. Nilikinusa. Hakikunuka tumbaku yangu. Kilinuka sigara ya dukani.

Zizipho ana miaka kumi na mitano, na pumu anayo tangu utotoni. Mama yake yuko Cape Town kwenye kazi za nyumbani. Aliniachia mtoto na pampu ya dawa.

Sikumuuliza. Niliogopa nikimkaripia atakwenda kujificha mbali zaidi, mahali ambapo sitamsikia akikohoa. Jumatatu nikatia pampu mfukoni mwa aproni, nikaenda shuleni kabla ya kengele ya kutoka. Zizipho alipotoka na wenzake nikawafuata polepole, nikasikia vicheko nyuma ya tangi la maji.

"Vuta vizuri, we mtoto wa bibi!"

"Mwache, atamwita mama yake Cape Town."

"Na wako je? Si yuko Joburg, hata simu hapigi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Zizipho.

Kisha kikohozi. Kisha ule mluzi wa kifua ninaoujua. Vicheko vikakatika.

Nilipozunguka tangi, Zizipho alikuwa amepiga magoti, midomo rangi ya majivu. Wasichana wawili walikuwa wameganda. Wa tatu, Athenkosi, mdogo kuliko wote, alikuwa amemkumbatia kwa nyuma asianguke.

"Bibi, anakufa! Fanya kitu!"

Nilitoa pampu haraka, ikaniponyoka mchangani. Athenkosi akaiokota, akaifuta kwa sketi yake, akanipa. Nikambonyezea. Kimya. Nikabonyeza tena, na mimi mwenyewe nimesahau kupumua. Ndipo hewa ikaingia, kidogo, ikikwaruza.

"Usimwambie mama," ndilo neno lake la kwanza.

"Unavuta kwa nini, mwanangu, na kifua hicho?"

"Hapa tunakaa sisi ambao mama zetu hawapo. Asiyevuta anafukuzwa. Sasa mimi nitakaa na nani, Bibi?"

Nilimwinua, tukarudi nyumbani polepole.

Kesho yake nilikaanga magwinya, maandazi yetu ya mviringo, nikaenda nayo nyuma ya tangi yakiwa bado ya moto.

"Umekuja kutupiga?" akauliza mkubwa wao.

"Nimekuja kula na nyie. Ila nikiwa hapa hauwashwi moto."

"Na wewe mbona unavuta kiko?"

"Na mimi pia siwashi."

Walitazamana. Yule mkubwa akachomeka sigara yake nyuma ya sikio, akachukua gwinya. Athenkosi akanitandikia sweta yake nisikalie mawe. Zizipho akaniegemea. Wenzake wakaanza kuchekeshana, naye akacheka nao, na mimi katikati ya kicheko nikawa natega sikio, nikingoja pumzi yake inayofuata.