Neutroni Iliyofukuzwa

Germain aliupiga mlango wetu teke, vijana wenye mapanga wakiwa nyuma yake. Germain huyu huyu! Miaka mitatu mume wangu, Déogratias, alimfundisha fizikia, na mimi nikamlisha bukari, ugali wetu, mezani kwangu.

"Mwalimu, weye ni muntu ya Kasai, jimbo ingine. Rudia kwenu!"

"Nilizaliwa hapa Likasi, mujinga weye!" Déogratias alifoka, akamnyooshea kidole kama darasani. "Jibu! Neutroni ikifukuzwa katika kiini cha atomu, inaishi muda gani?"

Germain akasimama wima. "Dakika kama kumi na tano, Mwalimu. Kisha inavunjika."

"Na sisi, unatupatia ngapi?"

Germain akaitazama saa yake, ile tuliyompa alipofaulu mtihani.

"Kumi."