Makazi Mara Moja Tu

Loveth alikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa cha kazi. Mwaka 2007 mradi wa kifua kikuu ulimtoa Moshi ukampeleka Mbinga, ukampa kompyuta na meza ya dirishani, ukamwambia atengeneze utaratibu wa kumbukumbu za wagonjwa. Kila mgonjwa awe na faili lake la XML, yaani maandishi ambayo kila habari imefungwa ndani ya jina lake: umri, makazi, dawa. Juu ya mafaili hayo yote Loveth akaandika skima. Skima ndiyo sheria. Inasema kipi lazima kiwepo, kiandikwe mara ngapi, na ni maneno gani yanayokubalika. Faili likifuata sheria, mashine inaandika "halali". Likikosea hata kidogo linarudishwa lilikotoka, na mashine haimwonei mtu haya.

Katika skima ile aliandika kwamba makazi lazima yawepo, na yawepo mara moja tu. Hakulifikiria hilo hata dakika moja. Kwao mtu ana nyumba yake, na nyumba haihami.

Simu ya kwanza ilitoka ziwani, katika zahanati ya kijiji kimoja jirani na Lituhi. Alikuwa Nicholaus, mtunza kumbukumbu wa pale, amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao.

"Dada Loveth, mashine imelikataa faili la Mansuetus."

"Umeandika nini?"

"Makazi mawili. Huku kwetu, kahawa ikiiva, watu wanapanda milimani kuchuma. Kuanzia Juni mpaka Septemba wanaishi huko, na dawa wanameza huko. Wakishuka wanakuwa wavuvi tena."

"Nicholaus, mtu halali vitanda viwili. Futa kimoja."

"Nifute kipi?"

"Chochote. Wafadhili wanakuja Ijumaa, nataka mafaili yote yawe halali."

Chochote! Neno lenyewe lilimtoka kirahisi, kama mtu anayefukuza inzi. Ijumaa wafadhili walikuja, wakaonyeshwa mafaili mia mbili na kumi na mawili, halali yote, wakapiga makofi. Loveth akapewa cheti, akakitundika ukutani.

Sasa, dawa zilikuwa zinafungwa kwenye boksi lenye jina la mgonjwa, na boksi linafuata makazi. Nicholaus alifuta ya milimani. Kwa hiyo Juni ile Mansuetus alipanda Lipembe, kijiji cha juu njia ya Kingerikiti, kuchuma kahawa kama alivyofanya miaka yote, na boksi lake likabaki ziwani linakula vumbi. Miezi miwili ilipopita bila dawa kuchukuliwa, faili likatakiwa kufungwa. Hapo skima ilikubali sababu tatu tu, kwa kuwa ripoti ya wafadhili ilikuwa na safu tatu: amepona, amefariki, mtoro. Nicholaus akaandika mtoro, na faili likishafungwa mgonjwa hapewi dawa tena, hata akishuka. Majina ya watoro yalibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, ili majirani wasaidie kuwarudisha.

Machi ya mwaka uliofuata Loveth alikuwa anapitia mafaili ya waliokufa. Akalifungua la Mansuetus, aliyeandikwa mtoro kwanza, kisha amefariki, Januari. Chini kabisa aliona mstari uliowekewa alama zinazoiambia mashine: ruka hapa, haya ni maneno ya watu. Maandishi ya namna hiyo skima haiyakagui, na kwa vile faili lilikuwa halali, hakuna mtu pale Mbinga aliyewahi kulifungua. Nicholaus alikuwa ameandika: "Huyu yuko Lipembe anachuma kahawa. Si mtoro. Naomba apelekewe dawa."

Loveth aliusoma mstari ule mara nne. Alijitetea kama tunavyojitetea wote: kwamba Nicholaus angepiga simu tena, kwamba skima ilipitishwa na wakubwa, kwamba kifua kikuu kinaua hata waliomeza dawa. Roho ilimsuta vilevile. Hakuna ambaye angemuuliza, na hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko yote. Akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Kitai, na hapo akadandia lori la kushuka ziwani.

Nicholaus alimpeleka kwa mjane, Albina, ambaye alikuwa anaanika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, kwenye kichanja nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama," Loveth alisema. "Pole sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Aliposikia mgeni anatoka mradi wa dawa, Albina alijifuta mikono kwenye kanga na kupiga goti. "Mwanangu, naomba mtusamehe. Ninyi mlileta dawa, mwenzangu akazikimbia. Mpaka leo naona aibu kupita pale zahanati."

Loveth alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kuitikia tu, akasema yamepita, akarudi Mbinga na samahani ya mtu mwingine mkononi. Akamshika mama yule, akamwinua.

"Mama, hakukimbia. Mimi ndiye niliyeandika sheria ya yale mafaili. Nilisema mtu awe na makazi mamoja. Nicholaus aliniambia watu wa huku wanapanda milimani, nikamwambia afute. Dawa zikabaki hapa. Mumeo hakuwa mtoro. Kosa ni langu."

Nicholaus alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Albina hakulia wala hakufoka. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo kule Lipembe alikwenda zahanati?"

"Sijui, mama. Lakini hata kama alikwenda, jina lake lisingeonekana kule."

"Alikwenda. Aliniambia alikwenda mara mbili, wakasema jina halipo." Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. "Nikamwambia wewe mwongo. Jina lako lipo, limebandikwa ukutani, limeandikwa mtoro, nimesomewa na watu. Nikamtoa ndani. Nikamtandikia mkeka jikoni, nikawakataza watoto wasimsogelee, kwamba baba yenu ametukataa, ameona bora atuue kuliko kumeza vidonge. Wiki saba alilala kule. Hata siku ya mwisho, pumzi hana, alikuwa ananiambia, Albina, mimi nilikwenda. Nikageuza uso."

Loveth alichuchumaa karibu naye. Alikuja na mzigo wake akidhani ataushusha hapa, na sasa alikuwa amemtwisha mwenzake ulio mzito zaidi.

Albina alimtazama usoni, bila hasira yoyote, kama mtu anayemuuliza karani dirishani.

"Sasa wewe uliyesoma," alisema, "niambie nitamwambiaje kwamba namwamini."