Winga Aliyeambiwa Afunge Lango

Alfons Sobotta alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, akirudishia mstari wa chokaa ulioyeyushwa na mvua, alipoona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vikisimama mbele ya ndoo yake. Hakuhitaji kuinua uso. Ni mtu mmoja tu aliyeingia uwanjani na viatu vya namna ile siku ya Jumamosi.

"Kesho lango lifungwe," alisema Bwana Lindkamp, mwenyekiti wa klabu.

"Kesho si kuna mechi?"

"Ilikuwepo. Kuna mpumbavu mmoja katika kamati aliwaahidi wale wanawake uwanja bila kuniuliza. Unajua chama cha soka kimekataza. Klabu itakayowapa wanawake uwanja itaadhibiwa, na mimi siwezi kuiponza timu yangu kwa ajili ya sketi."

Alfons alichovya brashi kwenye chokaa. Mstari uliofuata ulimtoka umepinda.

"Nasikia na binti yako yumo," alisema mwenyekiti, kwa sauti ya upole, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali. "Zungumza naye. Ile nyumba mnayokaa ni ya klabu, Alfons. Sipendi tufike huko."

Kisha akaondoka akikwepa madimbwi.

Watu wa mji wa Hasselbruch walimjua Alfons tangu hajaota ndevu. Kabla ya vita alikuwa winga wa kushoto wa klabu hii, na baadaye wa timu ya taifa ya Ujerumani. Siku za kazi alishuka mgodini kuchimba makaa kama baba yake. Jumapili alipanda juu, akaoga, akawatoa mabeki jasho. Aliporudi kutoka Budapest, alikowafunga wenyeji mbele ya umma wao, vijana walimbeba mabegani kutoka kituo cha treni mpaka mlangoni kwa mama yake. Halafu vita vikaja, na baridi ya Urusi ikamla vidole viwili vya mguu ule ule wa kushoto. Alirudi akakuta mtaa wao ni kifusi. Yeye, mkewe Trude na mtoto waliishi miaka katika chumba cha chini ya ardhi, kuta zikitoka maji, hadi klabu ilipomkumbuka ikampa kazi ya kutunza uwanja na kijumba kikavu chenye jiko, kando ya lango.

Tangu hapo alikata nyasi, alishona nyavu, aliwasha moto wa kuchemsha maji ya kuogea wachezaji. Wageni wakubwa walipokuja, waliletwa hadi kwenye banda la mashine wamwone. "Huyu ndiye Sobotta mwenyewe," wenyeji walisema, naye alijifuta mkono kwenye suruali na kuwasalimu.

Jioni ile mezani kulikuwa na supu ya njegere. Alfons aliyakoroga maneno pamoja na supu mpaka ikapoa.

"Lindkamp amepita," alisema mwishowe.

"Najua," alisema Hedi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono myekundu kwa maji ya moto ya kufulia kwa dobi alikofanya kazi. "Marlies wa timu yetu amekuja kunieleza. Sikukuomba ufungue, Baba, na siombi."

"Basi mmeahirisha?"

"Wasichana wa Duisburg wameshakata tiketi za treni. Tutacheza nyuma ya kilima cha kifusi, kwenye ule uwanja usio na nyasi, uliomwagwa masalia ya makaa."

Trude aliweka kijiko chini. "Mtachunika magoti. Na mkishachunika, watu watasema binti ya Sobotta ameonekana kakaa chini mbele ya wanaume, miguu wazi, anatoka damu. Lindkamp atasikia kabla hujafika nyumbani."

"Asikie."

"Wewe unasema asikie. Mimi sirudi kwenye kile chumba, Hedi. Nilikohoa mle miaka minne. Kibarua cha baba yako kikiota nyasi, tunakwenda wapi?"

Hedi alimalizia supu yake, akaosha bakuli, akapanda darini alikolala. Walisikia njumu zake zikigongwa pamoja kudondosha udongo. Alfons alijua ni njumu gani. Zilikuwa zake za zamani, zimejazwa pamba mbele.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alifunga lango kwa mnyororo, akasimama ndani yake kama mtu aliyejifungia mwenyewe. Watu walikuja wengi kuliko alivyodhani. Wachimba makaa na wake zao, wazee wa kufuga njiwa, vijana waliokuja kucheka. Kila aliyefika alitikisa mnyororo kwanza, kana kwamba hayaamini macho yake.

"Alfons, mabeki wa Hungaria hukuwaogopa, leo unaogopa wasichana?" alimtania mzee mmoja aliyechimba naye zamani.

"Nimeagizwa."

"Na ukiagizwa ujifungie chooni?"

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya, wakazunguka kufuata njia ya matope kuelekea kilimani. Kukawa kimya. Alfons alijitia kazi. Alikagua nyavu ambazo hazikuwa na tundu. Aliokota majani ambayo upepo ungeyaokota wenyewe. Masikio yake yote yalikuwa nyuma ya kile kilima.

Aliyasikia makelele yakipanda na kushuka. Mpira ulikuwa umeanza. Lakini kulikuwa na kitu kilichokosekana, na ilimchukua muda kukijua: hapakuwa na filimbi. Kelele zilipanda tena, safari hii zilikuwa kali, za ugomvi, na juu yake mwanamke akapiga ukelele wa maumivu.

Hakukumbuka alivyolipita banda la mashine. Alijiambia anakwenda kuangalia tu, kwa mbali, kama mpita njia. Alipokizunguka kilima, mguu mbovu ukimchoma, aliona uwanja mweusi umejaa watu waliovuka mistari. Msichana wa Duisburg alikuwa amekaa chini, ameshika pua, damu zikimchuruzika kidevuni. Hedi alikuwa amesimama wima.

Marlies, nahodha, mwanamke mpana aliyeuza nyama buchani kwa shemeji yake, alimwona kwanza. Alimjia moja kwa moja.

"Mzee Alfons, refa hakuja. Wamemwambia akituchezesha ananyang'anywa cheti. Tumejaribu kucheza hivi hivi, tunaumizana. Na hawa wanataka kurudi kwao sasa hivi." Alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na filimbi. "Wewe sheria unazijua."

"Mwache," alisema Hedi, aliyekuwa amefika nyuma yake. Hakusema kwa hasira. "Mwache, Marlies. Ana nyumba ya kuchunga."

Lau angesema kwa dharau, Alfons angegeuka akaondoka. Lakini Hedi alikuwa anamkingia kifua, mbele ya watu, kama mtu anavyomkingia mgonjwa. Aliwatazama watu pembezoni. Nusu yao walikuwa wamembeba ile siku ya kituo cha treni. Walikuwa wakingoja, na hakuna aliyemtania sasa.

Alichukua filimbi. Ilikuwa ya baridi mdomoni, na mara ya kwanza alipoipuliza ilitoa hewa tu, maana mate yalikuwa yamemkauka.

Alichezesha akichechemea. Kila mara mpira ulipotoka nje macho yake yaliruka barabarani, yakitafuta gari la Lindkamp, kisha yakarudi mchezoni. Aliziona njumu zake zikikimbia upande wa kushoto bila yeye. Hedi hakuwa na kasi aliyokuwa nayo baba yake. Alichokuwa nacho ni ule utulivu wa kungoja, kumwacha beki aingie mguu mzima ndipo autoe mpira pembeni, na hilo hakuna aliyemfundisha. Alianguka na kuinuka, na kila alipoinuka magoti yake yalikuwa meusi zaidi. Alipomkata beki wa pili na kumpa Marlies pasi ya bao, watu walipiga mayowe, na refa alilazimika kuinama afunge kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Askari alikuja kwa baiskeli mechi ikikaribia mwisho. Alikuwa kijana, shingo nyembamba katika kola. Aliilaza baiskeli chini, akaingia uwanjani, akasimama ghafla.

"Bwana Sobotta?"

"Ndimi."

"Baba yangu ana picha yako jikoni." Kijana alionekana kama anatamani asingekuwa amelisema hilo. "Kuna malalamiko. Nimeambiwa niwatawanye. Msimamizi wa hapa ni nani?"

Alfons angeweza kusema hajui. Angeweza kusema alikuwa anapita.

"Mimi."

"Itabidi niseme nilikukuta."

"Sema. Lakini zimebaki dakika chache, na hawa wametoka Duisburg. Simama pale kwenye mstari, usiwazibe watu."

Askari aliangalia barabara, akamwangalia mzee, akaenda kusimama alipoonyeshwa.

Ndipo ikapigwa krosi mbele ya goli la timu ya Hedi. Alikuwa amerudi kusaidia ulinzi, akaruka, na mpira ukamgonga mkononi. Wengi hawakuona. Alfons aliona. Filimbi ililia kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

"Penalti."

"Baba, imenigonga bega," alisema Hedi, akihema.

"Mkono."

"Bega, nakwambia."

"Ukinijibu tena nakutoa nje."

Pembezoni watu wakaangua kicheko, askari naye akiwemo, na Hedi akamkodolea baba yake macho ya mtu aliyeibiwa. Kisha mdomo wake ukacheza kidogo, akarudi nyuma. Yule wa pua ya damu alipiga, akafunga. Ngoma ikawa droo. Wasichana wa Duisburg walipeana mikono na kila mtu, na Alfons hakujua afanye nini na mikono yake mpaka wao walipoishika.

Nyumbani Trude alikuwa ameshasikia. Alimkalisha Hedi kwenye kiti kando ya jiko, akaweka beseni la maji ya moto chini yake, akatoa kibano na kitambaa. Punje za makaa zilikuwa zimezama ndani ya ngozi. Zisipotolewa, ngozi ingefunga juu yake na kubaki na alama za bluu, kama zile zilizokuwa mgongoni mwa Alfons na mwa kila mwanamume wa mtaa aliyewahi kushuka mgodini.

"Kweli ulipuliza filimbi?" Trude aliuliza hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Nilipuliza."

"Na ukawapa penalti."

"Ilikuwa mkono."

"Bega," alisema Hedi, akiuma meno.

Nje gari la Lindkamp lilipunguza mwendo. Wote watatu walilisikia likisimama, mlango ukifunguliwa na kufungwa, na viatu vikianza kukanyaga changarawe taratibu, kama vya mtu anayepanga maneno njiani. Alfons alitazama ukuta mkavu, jiko, makoti matatu yaliyotundikwa mlangoni. Akasogea kuinuka.

"Mshikie mguu usicheze," alisema Trude. "Kuna moja hapa imeingia ndani sana."

Alfons alikaa tena, akaukumbatia mguu wa binti yake kwa mikono miwili. Maji ya beseni yalikuwa yameshakuwa meusi. Trude alilisogeza goti kwenye mwanga wa dirisha, akainama karibu, na kibano kikaanza kuitafuta ile punje.