Nywele za Mwanasiti

Kila asubuhi, kabla sijaondoka kwenda kufundisha Kileleshwa, mama alikuwa akimkalisha mjukuu wake Mwanasiti kwenye mkeka, katika chumba cha nyuma ya duka letu la mjini, akimsuka. Siku hiyo alikuwa amemaliza upande mmoja viatu vizito vilipoingia dukani. Mtoto alichomoka na chanuo limekwama nyweleni, akajitosa uvunguni mwa kitanda.

"Hodi! Ni mimi tu, Mwololo, karani wa wakili."

"Karibu, baba. Umetutisha."

Mwololo alicheka. "Ni hii viatu, mama, iko na kelele kama ya askari. Lakini nimeleta habari mzuri. Kesho jaji anasikiza ile maombi ya dhamana ya Twahir."

Twahir ni kaka yangu. Alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mkewe Mishi, mama yake Mwanasiti. Rufaa yake ilikuwa haijasikizwa.

"Kwani mtu wa kunyongwa hupewa dhamana?" niliuliza.

"Ni ngumu, mwalimu. Karibu haiwezekani. Lakini mama mzazi akisimama aseme, 'Nitakaa naye nyumbani mpaka rufaa,' pengine jaji atamhurumia. Bila mama, hakuna kitu."

Alipokwenda zake, mama alifungua sanduku akaitoa kanzu ya Twahir, ile aliyokuwa akiifua na kuifukiza udi tangu akamatwe. Akaanza kuipiga pasi, polepole. Huyo ni mwanawe wa kwanza. Mimi mwenyewe alinibeba mabegani nilipokuwa mdogo, tukienda kutazama taa za barabarani.

"Atalala wapi?" mama aliuliza ghafla.

"Hapa hapa, mama. Tuna chumba kingine?"

Aliiweka pasi kando, akapiga magoti, akachungulia uvunguni. "Njoo, bibi, nikumalizie nywele."

"Yule mtu ameenda?"

"Ameenda."

"Alikuwa baba?"

Mama alinyoosha mkono, mtoto akatoka akitambaa, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Akampakata, akalichomoa lile chanuo taratibu asimuumize. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye utosi wa mtoto.

"Mwambie Mwololo kesho sisimami," aliniambia. "Naomba kila nikisali wasimnyonge mwanangu. Lakini hapa asije."