Samaki Hawa Si Mboga

Huku kwetu Kikula, ukimwambia muntu kwamba unaenda kutazama samaki, anakuuliza umebeba chombo gani cha kuwatilia. Ukijibu kwamba hukubeba chombo, anaanza kukutazama weye.

Minye nimezoea. Kila asubuhi, nikishafagia kiwanja, ninashika fimbo yangu na kushuka nyuma ya nyumba za mwisho. Kule kuna kamuto kamoja kanapita kati ya matete. Hakana jina. Mwenye miguu mirefu anakaruka bila kukatiza mazungumzo yake. Miaka ile wachimbaji walipokuwa wanasafishia mawe yao huko juu, upande wa Kamatanda, maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hata chura alikuwa anapitia mbali. Kisha wachimbaji wakahamia shimo lingine. Mvua zikanyesha, zikarudi tena. Siku moja nilishuka kuchuma matembele, nikaona kivuli kinatembea juu ya mchanga, na hewani hakuna ndege. Nikainama. Kivuli kilikuwa na mwenyewe.

Samaki wa mto mdogo hatazamwi kama yule wa sokoni. Wa sokoni amelala, anakungoja. Wa mtoni, kwanza unaona maji tu. Unakaa. Unaona majani yaliyoanguka. Unaendelea kukaa, mgongo unaanza kulalamika. Halafu jani moja linageuza kichwa kuelekea kule maji yanakotoka, na majani hayana tabia ile. Hapo moyo unaruka. Nimezaa, nimezika bwana, nimehama nyumba mara nyingi kuliko padri, lakini kitu cha kunifanya nishike mdomo kwa mikono miwili ni samaki mwenye urefu wa kidole, akigeuka ubavu na kumeta mara moja. Mara moja tu. Unabaki unangoja ya pili kama mjinga.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja, mkubwa kama kiganja changu, kijani ya nguo iliyofuliwa sana. Alikuwa anakaa chini ya mzizi. Watoto wake, kila mmoja kama mbegu ya tomate, walikuwa wanaelea mbele ya uso wake. Akiona hatari anafungua kinywa, wote wanaingia ndani, anafunga. Hatari ikipita anawatapika, wanaanza tena kucheza. Hatari yenyewe mara nyingi nilikuwa minye. Basi nilikuwa ninakaa bila kusogea mpaka anichukue kuwa kisiki. Kwa umri wangu hilo halihitaji juhudi kubwa.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Papy. Papy ni jirani yangu, bwana ya Clotilde. Binti yao Carmel alikuwa anakaribia kula komunio ya kwanza, na baba alikuwa anatafuta mboga, yaani kitoweo cha kulisha wageni. Alinikuta kiwanjani, akaniita Kambo, yaani nyanya, kama wote.

"Kambo, nasikia samaki ilirudia kule chini."

"Nani alisema?"

"Hakuna mwenye alisema. Weye uko unaenda kila siku. Muntu hawezi kwenda kila siku fasi haiko kintu."

Alikuwa amefikiri vizuri, jambo ambalo sikulizoea kwake.

"Siku ya posho nitaweka buba," akasema. Kwetu siku ya posho ni Jumamosi, na Jumapili yake ndiyo ilikuwa komunio. "Eddy na Willy watanisaidia."

Buba ni majani. Unayatwanga, unayatia majini huko juu, na huku chini samaki wanapanda wamelewa, wakubwa kwa wadogo, unawaokota kama maembe yaliyoanguka. Wazee wetu walifanya hivyo katika mito mikubwa, na mfumu, mkuu wa kijiji, ndiye aliyetoa ruhusa. Katika kamuto kale, mfuko mmoja ungemaliza hata samaki ambao wazazi wao hawajajuana.

"Papy, uache," nikamwambia. "Ile ni samaki ya kutazama."

"Ya kutazama?"

"Ndiyo."

"Kambo, samaki ni mboga. Ya kutazama ni televizio."

Akaenda zake akicheka. Nilibaki na fagio mkononi. Nilijua siku ya posho ikipita, nitashuka kule na kuona maji tu, na safari hii hata nikikaa mpaka jioni yatabaki maji.

Kesho yake nilishuka mapema zaidi. Mama alikuwa pale chini ya mzizi, kinywa kimejaa, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. Nikainama mpaka pua karibu iguse maji. Nilikuwa na huzuni, na muntu mwenye huzuni anaongea.

"Mama, batoto umebameza bote?" nikamwuliza. "Tapika basi. Tapika nibaone kidogo. Kale kadogo ka jana kako wapi? Kameisha kushuka mu tumbo?"

Nyuma yangu beseni likaanguka.

Alikuwa Clotilde, amekuja kuloweka mihogo, na mtoto wake mdogo mgongoni. Nilipogeuka alikuwa ameshafika kwenye matete ya juu, na anakimbia vizuri sana kwa mwanamke mwenye mzigo. Mihogo aliiacha. Niliikusanya yote, nikaipeleka mpaka kwake. Aliipokea dirishani. Baadaye niliona kuku wanaishughulikia.

Kabla ya jioni, Kikula nzima ilikuwa inajua kwamba chini ya matete kunakaa mamba muntu. Mamba muntu ni bibi wa majini, juu muntu, chini samaki. Anakupa utajiri, halafu anakuja kudai muntu wa nyumba yako. Huyu wa kwetu, walisema, anameza watoto, na Kambo Fidélie, yaani minye, ndiye anayemhudumia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mhudumu wa mamba muntu bado anavaa sapato zilizofungwa kwa waya.

Clotilde alikuja kwangu na Maman Émérence, kiongozi wa kundi la maombi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha parokia. Hawakutaka kukaa. Walisimama karibu na mlango, miguu ikielekea nje.

"Maman Fidélie," Émérence akaanza, "kule ku mayi, ulikuwa unasemesha nani?"

"Mama moya."

"Mama ya nani?"

"Mama ya batoto."

Clotilde akashika mkono wa mwenzake.

"Anabakulaka?" Émérence akauliza.

"Hapana. Anabawekaka mu kinywa tu. Kisha anabatosha inje."

"Na yee anapenda nini?"

"Kimya," nikajibu. "Bantu ya makelele hapendi. Na buba, ile njo hapendi kabisa kabisa."

Wakafanya ishara ya msalaba. Sikuwa nimesema neno moja la uongo. Katekista wetu wa zamani alikuwa mkali sana juu ya uongo. Juu ya kumwacha muntu aendelee kufikiri vibaya hakutufundisha kitu.

Matokeo yalikuwa mazuri. Eddy alisema mgongo unamuuma. Willy alikumbuka kwamba ana shemeji kule Kakontwe ambaye hajamtembelea siku nyingi. Papy peke yake hakuogopa. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akibishana na bibi yake.

"Mayi inafika pa kifundo, Clotilde! Mamba muntu atalala namna gani mule? Amejikunja kama mukeka?"

"Utaweka buba, njo atakufata mpaka hapa!"

"Akuye! Tutamupika na yee!"

Sasa nilianza kuona kwamba nimejifunga mwenyewe. Usiku kucha wa maombi ulitangazwa, na nusu ya maombi ilikuwa juu yangu. Mwanamke mzee, mjane, anayeongea na maji: wengine wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu nyembamba kuliko hiyo. Nikisema ni mamba muntu, wataanza na kamuto na kumalizia na minye. Nikisema ni samaki, Papy ana mfuko tayari.

Siku ya posho tulishuka wote, Papy kuweka buba yake, wanawake kumfukuza mamba muntu, minye kuwaonyesha mahali. Papy mbele na mfuko wa buba begani, shati lake la komunio mwilini kwa sababu alitaka kutoka huko moja kwa moja kwa kinyozi. Nyuma yake Clotilde na mtoto mgongoni, kisha Maman Émérence na rozari na chupa ya maji ya baraka, kisha wanawake wa maombi wakiimba. Tulipofika chini walinipisha minye nitangulie, kwa heshima, karibu kabisa na maji.

"Onyesha fasi eko," Émérence akaamuru.

"Nikionyesha hamutaona. Mukae chini."

"Tukae?"

"Mukae, na munyamaze. Mukisimama hivi ataficha batoto, na mutarudia ku nyumba hamukuona kintu."

Walitazamana. Muntu aliyeshuka mlima kuona shetani hapendi kurudi mikono mitupu. Wakakaa. Émérence alifunga macho, midomo ikitembea.

"Maman, fungua macho. Hapa hatuombi, tunatazama."

Akafungua moja.

Tulikaa. Mwanzoni waliona maji tu, nilijua hivyo kwa nyuso zao. Clotilde alibembeleza mtoto bila kutoa sauti. Nzi alitembea juu ya pua ya Émérence na kuondoka mwenyewe. Nilikuwa nimekata tamaa nusu nzima, ndipo Papy akasema polepole:

"Ile jani inapumua."

Mama alikuwa ametoka chini ya mzizi. Alisimama juu ya mchanga mweupe, mapezi yakipepea, akatutazama sisi visiki. Akafungua kinywa. Watoto wakatoka kama moshi, moshi mdogo mweusi wenye macho, wakatawanyika mbele yake.

"Eh, Yezu," Émérence akasema, na rozari ikamtoka mkononi, ikaanguka majini.

Kinywa kikafunguka. Watoto wote wakakimbilia ndani, kinywa kikafungwa. Mmoja tu alikuwa amekwenda upande mbaya, nyuma ya jani.

"Moya inabakia!" Clotilde akalia.

"Wapi?"

"Pale, pa jani! Maman, ondosha mukono!"

"Weye katoto, rudia!" Émérence alipiga magoti kwenye matope. "Kuume! Kuume!"

"Hajui kuume, muache!" Papy alikuwa amelala kifudifudi, shati jeupe juu ya udongo mwekundu, kifua juu ya mfuko wa buba. "Mama! Eh, mama! Fungua kinywa, ungine iko inje!"

Clotilde akageuza kichwa, akamtazama bwana yake kwa muda mrefu.

Katoto kalizunguka jani. Kakasimama. Wanawake wa maombi walishikana. Kisha kakapiga mkia na kupita moja kwa moja, na mama akafungua kidogo tu, kama muntu anayepokea mgeni usiku, kakaingia.

"Amina," Émérence akasema.

"Amina," tukajibu wote.

Kila mmoja alikuwa ameona kwamba ni samaki, na kila mmoja alikuwa amesikia mwenzake akipiga kelele. Émérence alivuta rozari yake kutoka majini, akaipangusa kwa kitambaa. Papy akainuka. Alitazama mfuko, akatazama maji, akatazama mfuko. Muntu akishamwombea mtoto wa mwenzake afike nyumbani, ni vigumu kumpika mama yake saa ileile.

"Carmel atakula ndakala," Clotilde akasema, yaani dagaa wa sokoni.

"Nilisema kintu?" Papy akajibu. "Ulinisikia nikisema kintu?"

Akatupa mfuko begani, akaanza kupanda. Wengine wakamfuata wakiongea juu ya wali. Minye nilikuwa bado natafuta fimbo yangu, nikaona amerudi peke yake, shati lake limechorwa udongo kutoka shingo hadi tumbo.

"Kambo."

"Ndiyo, baba."

"Kesho, misa ikiisha, atakuwa anabatapika tena?"

"Atabatapika."

"Wakati gani njo muzuri?"

"Jua ikiwa juu kabisa," nikamwambia. "Asubuhi, usijisumbue."

Alinishukuru sana. Minye nashuka alfajiri.