Kikombe cha Saa Saba na Dakika Kumi

Saa saba na dakika kumi mchana Fundi aliondoa miguu kwenye pedeli ya cherehani, akachomeka sindano kwenye kola ya shati la sare, akachukua simu. Picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la familia. Kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa bluu, kimeshikwa na mkono wa kulia, na chini yake maneno: "Chai imepoa kabla sijaimaliza. Huku upepo haupumziki."

Mumewe alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita, siku ya Jumanne.

"Funika na kisahani," Fundi alimwandikia, kisha akarudi kwenye kola.

Enzi za uhai wake, mumewe alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa kwa miaka kumi na saba. Watu wote walimwita Dobi, hata mkewe, naye alimwita mkewe Fundi. Kila siku, alipopata nusu saa yake ya kula, alikaa kwenye benchi nje ya mlango, akakipiga picha kikombe chake, akaituma kwa watu ishirini na mmoja wa lile kundi pamoja na mstari mmoja wa habari. Shuka mia mbili na kumi, jua linachoma. Mashine ya pili imekohoa tena. Ndege amejenga kiota kwenye kamba ya kuanikia, tumemwachia kamba nzima.

Mdogo wake, Kinyozi, alikuwa akimtania. "Kaka, siku ukitutumia picha ya sahani tutachinja." Lakini siku kikombe kilipochelewa, Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kichwa cha mteja nusu na kuandika, "Jamani, Dobi yuko wapi?"

Kwa Fundi habari zile zilikuwa na kazi. Akisoma kwamba mguu unauma, Dobi alikuta beseni la maji moto limeshatengwa mlangoni. Akisoma kwamba amekwaruzana na msimamizi, hakumuuliza lolote, alimpakulia tu na kumwongezea. Kwa hiyo jioni hawakuwa na mengi ya kuelezana. Walikaa, Fundi akimpaka mafuta ya mgando mikononi, wakisikiliza redio ya jirani hadi jirani aizime.

Kisha kifua kilimbana Dobi, akafa. Barua ya ofisi ilisema kifua kile alikuja nacho kutoka nyumbani.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa saba na dakika kumi, kikombe kikaingia. "Nimefika. Benchi la huku lina mgongo." Simu yake ilikuwa imezimwa, imo ndani ya droo ya nyuzi, na hakuna aliyeona haja ya kuifungua droo. Kinyozi aliandika, "Kaka, hata huko umetubebea vikombe?" Shangazi aliomba asalimiwe marehemu mama yao Dobi. Kesho yake jibu lilikuja chini ya kikombe: "Mama anakusalimu. Anasema ile sufuria yake uirudishe." Shangazi akairudisha nyumbani kwa Fundi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka kampuni ya simu ilipotangaza kwamba kila laini isajiliwe upya kwa alama ya kidole, mwenyewe awepo, mwisho Ijumaa. Laini ambayo haitasajiliwa itafungwa na namba yake atapewa mtu mwingine. Fundi alilisoma tangazo mara mbili. Alimfikiria huyo mtu mwingine, na saa saba na dakika kumi zitakazopita kimya, kila siku, mpaka yeye Fundi naye siku zake ziishe.

Tena palikuwa na tatizo la vidole. Usajili uliopita, Dobi akiwa hai, mashine ilivikataa vyote kumi. Dawa ya kung'arishia shuka ilikuwa imekula mistari, ncha za vidole zikawa laini kama sahani. Siku ile walimpokea kwa barua. Safari hii tangazo lilisema barua hazipokelewi.

Fundi aliandika chini ya kikombe: "Wanakutaka mwenyewe, na kidole. Alhamisi saa nne."

Siku nzima hakupata jibu. Alishona vifungo vya mashati saba upande usio wake, akavifumua vyote. Kesho yake mchana jibu likaja: "Nitakuja. Niletee shati la bluu. Hili la huku halina kola."

Alhamisi, Fundi alimkuta ameshakaa kwenye viti vya kampuni ya simu, ameshika karatasi ya foleni namba arobaini na sita. Alinukia sabuni. Fundi alimvika shati la bluu, akamfunga vifungo, akakaa kando yake.

"Umekonda," Dobi alisema.

"Sare zimenizidi. Shule zinafunguliwa."

"Najua. Uliandika."

Fundi akamnyooshea kola. Namba thelathini na tisa ilipoitwa, mtu aliyekaa mbele yao aligeuka. Alikuwa Kibiriti, aliyesimama na Dobi kwenye mashine ya pili kwa miaka tisa. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mwembamba na alikuwa hakawii kuwaka.

"Dobi! Mwenzangu umenawiri. Huko wanakupa nini?"

"Napumzika tu."

"Na mimi nikipumzika, hizo shuka atafua nani?"

"Alifua nani kabla hujazaliwa?" Dobi alisema, na Kibiriti akacheka mpaka mlinzi akamtazama.

Ilipofika zamu yao, karani aliuliza bila kuinua macho, "Mwenye laini?"

"Huyu hapa," Fundi alisema. "Ni marehemu."

Karani alitafuta kwenye kompyuta, akapanda, akashuka. "Mfumo hauulizi hilo. Kitambulisho? Weka kidole gumba."

Dobi akaweka kidole gumba. Mashine ililia mara moja na kuwaka taa ya kijani.

"Una vidole vizuri, baba," karani alisema. "Wote wangekuwa hivi ningekula mapema."

Fundi aliuchukua ule mkono, akaugeuza. Mistari yote ilikuwa imerudi, mikubwa ya kiganjani na midogo ya kwenye ncha, imezunguka vizuri kama mshono wa mtu asiye na haraka. Walipooana Dobi alikuwa tayari na miaka mitatu ya kufua. Kwa hiyo Fundi alikuwa hajawahi kuuona mkono wa mumewe. Aliushika mpaka karani alipoita namba nyingine.

Kibiriti aliweka kidole cha kwanza, mashine ikakaa kimya. Akaweka cha pili.

"Jaribu kingine," karani alisema. Aliipangusa mashine. "Kingine."

"Dada, vyote kumi vimekwisha. Nivue viatu?"

"Unafanya kazi gani?"

"Nafua."

"Basi vaa glavu."

"Zimeagizwa," walijibu Kibiriti na Dobi kwa sauti moja.

Dobi alimsindikiza mkewe hadi kwenye kona ya duka la vitambaa. Alimrekebishia mtandio begani. "Nitaandika," alisema.

"Andika," Fundi alijibu. Dobi akaondoka amevaa lile shati la bluu.

Alasiri ile Fundi hakushona. Alirudi nyuma kwenye kundi, kikombe baada ya kikombe, miaka minne, hadi siku kundi lilipoanzishwa. Wote walikuwa wamesoma maneno na kukitania kikombe. Mkono ulikuwa mle ndani siku zote. Mwaka wa kwanza ngozi ilikuwa imekauka, mwaka wa pili kucha zilipasuka, mwaka wa nne vidole vilikuwa vyeupe na vimevimba. Alichagua picha thelathini zenye tarehe, akazichapisha, na Ijumaa asubuhi akaenda na Kibiriti kwa msimamizi wa chumba cha kufulia.

Msimamizi alizitazama zote kwa adabu.

"Naona kikombe," alisema.

"Tazama mkono, mzee."

"Mkono umekishika kikombe vizuri tu, mama." Alizipanga picha, akagonga kingo zake mezani zikalingana, akamrudishia. "Pole sana kwa msiba."

"Na glavu?" Kibiriti aliuliza.

"Zimeagizwa."

Jioni laini ya Kibiriti ikafungwa. Kinyozi aliiingiza kwenye kundi namba ambayo Kibiriti aliazimwa na mkewe, watu wakawa ishirini na wawili. "Karibu," alimwandikia. "Hapa sharti kikombe."

Jumatatu, saa saba na dakika kumi, Fundi aliondoa miguu kwenye pedeli. Picha mbili ziliingia pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya kikombe cheupe, na kwenye kifundo cha mkono ulionekana ukingo wa shati la bluu. "Leo upepo umetulia. Glavu vipi?" Ya pili ilikuwa ya kikombe cha plastiki cha kijani, na vidole vilivyokishika vilikuwa vimechunika. "Shuka mia mbili na arobaini. Ndege wetu amerudi kwenye kamba."

Fundi alimjibu mumewe kwanza: "Zimeagizwa."

Kisha akamwandikia Kibiriti, "Ukitoka pitia hapa na mkeo. Mafuta yapo." Alienda kutafuta beseni, akalikuta mahali pake nyuma ya mlango, akalifuta vumbi.